Kisiwa Walichopeana Mezani

Jumamosi, 6 Septemba 2014

Ninadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote, kwamba vita vya 1914 havikuanzia kwenye risasi ya Sarajevo. Vilifanyiwa mazoezi kwa miaka thelathini mezani, pale mataifa ya Ulaya yalipogawana, yalipogombea na yalipobadilishana ardhi za watu ambao hawakualikwa wala hawakuulizwa. Na yeyote anayeviadhimisha vita hivyo bila kuitaja meza hiyo, anaitandika upya.

Naandika haya kwa kuwa Jumuiya yetu ya hapa Dixon Road, huku Kanada, inayotukusanya sisi wasemaji wa Kiswahili wa kila nchi, imeunda kamati ya kuadhimisha miaka mia moja ya vita hivyo. Shughuli itafanyika tarehe 8 Novemba katika ukumbi ulio chini ya jengo letu. Mwenyekiti ni Mzee Jafferali, Mwismailia mzaliwa wa Kigoma, mfanyabiashara mstaafu, ambaye tayari ameniudhi kwa kusema kuwa historia ni kitu cha kutuunganisha. Watanzania wamemleta Bwana Gelasius, mwalimu wa zamani kutoka Bukoba. Wakenya wamemleta Bi Rukhsana wa Mombasa. Sisi Wakongo tunawakilishwa na Mchungaji Josaphat, ambaye alinipokea katika kanisa lake nilipokuwa na miaka kumi, na ambaye hadi leo sijui mtu ninayemheshimu kumzidi.

Mimi, kwa sababu nimehitimu shahada ya historia mwezi Juni, nimepewa kazi ya kuandika makala ya utangulizi. Na Bibi Dative, mama mzaa mama yangu, amepewa zamu ya kusema. Amekuwa akiisubiri zamu hiyo tangu kabla sijazaliwa.

Jumanne, 9 Septemba

Zamu ya asubuhi ghalani. Vifurushi. Basi la Kipling lilichelewa. Sikusoma chochote.

Jumamosi, 20 Septemba

Kikao cha pili. Nimerudi nyumbani nikiwa na kinyaa kinywani kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyochacha.

Bwana Gelasius alipendekeza kila nchi iwe na meza yake, na juu ya kila meza isimamishwe bendera ya taifa lililoitawala mwaka 1914. Wakenya chini ya Mwingereza, Watanzania chini ya Mjerumani, Wakongo chini ya Mbelgiji. "Ili watoto wajifunze," alisema. Watoto wenyewe walikuwa nje wakizungumza Kiingereza.

Nilitarajia mtu acheke. Badala yake Bi Rukhsana aliuliza nani atakaa karibu na jukwaa.

"Sisi ndio wa mbele," alisema. "Mwingereza ndiye alomaliza vita."

"Alimaliza wapi, dada yangu? Mjerumani wetu aliweka silaha chini wiki mbili baada ya wenzake wa Ulaya. Nyinyi mlikuwa mkimkimbiza tu."

"Basi kama hamkushindwa, mbona nchi mliipoteza?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilinyoosha mkono. "Bwana Gelasius, umesema Mjerumani *wetu*?"

"Utani huo, kijana. Kwenu hakuna utani?"

Nilimjibu kwamba ninajua utani ni nini. Mtani ni yule anayekuja msibani kwako akakuosha, akakuzika, akawachekesha watoto wako wasife kwa huzuni. Asiyezika hana haki ya kutania. Alitabasamu, akamgeukia Mzee Jafferali, akauliza bendera zitanunuliwa wapi.

Jumapili, 21 Septemba

Leo nimemwomba Bibi anieleze kikamilifu anachotaka kusema, ili makala yangu iende sambamba na maneno yake. Ameniambia kila kitu isipokuwa kimoja.

Yeye ni mzaliwa wa Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu. Mimi ndiye niliyemwongezea yaliyoandikwa: kwamba Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza waligombea ziwa lile na milima yake kwa miaka, wakapelekeana maaskari na barua za vitisho, hadi mwaka 1910 walipokaa Brussels wakapiga mstari. Kisiwa alichokuwa akikidai Mjerumani akapewa Mbelgiji. Vita vilipoanza, miezi miwili haikupita, Mjerumani akakirudia kwa nguvu. Mwaka 1916 Mbelgiji akakitwaa tena.

"Weye na vitabu yako," Bibi alisema. "Mimi najua kitu kimoja. Mudachi alikuja, akamubebesha babu yangu mizigo. Mubelgiji alikuja, akamubebesha babu yangu mizigo. Ile ya pili walienda naye njia ya Tabora. Hakurudi."

Hapakuwa na maiti, wala habari, wala mtu wa kusema amekufa siku gani. Kwa hiyo matanga yalikaliwa lakini hayakuanuliwa. Baba yake Bibi alikufa akiwa bado anamlilia baba yake, na akamwachia binti kilio hicho kama wengine wanavyoacha shamba. Sharti lilikuwa moja: marehemu alibebeshwa na pande mbili, basi siku ya kuanua, jina lake litajwe mbele ya watu wa pande zote mbili. Kule kisiwani upande wa Mbelgiji tu ndio uliokuwepo. Hapa Dixon, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya miaka themanini na minne, Wakongo na Watanzania wanapanda lifti moja.

"Jina lake nani, Bibi?"

"Utasikia siku ile."

"Niambie mimi, niandike."

"Nikikuambia weye peke yako, itakuwa hadisi. Mimi siko natafuta hadisi."

Mama yangu, Joyeuse, hata yeye hajui. Bibi akifa, jina linakufa naye. Mwanahistoria mzima nimekaa naye chumba kimoja na siwezi kulipata.

Jumapili, 28 Septemba

Majani yameanza kugeuka rangi. Mama ana zamu mbili katika nyumba ya kulelea wazee. Bibi amemwagiza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kutoka kwa mwanamke mmoja wa Mount Dennis. Ni chakula cha kuanua matanga. Ametuonya kwamba sufuria haifunuliwi mpaka jina litajwe.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kumezuka mgogoro wa Burundi.

Siandiki mzaha. Mtu mmoja aliuliza Warundi watakaa meza gani. Mwaka 1914 walikuwa chini ya Mjerumani. Tangu 1916 wakawa chini ya Mbelgiji. Bwana Gelasius alisimama akasema kanuni ni kanuni: mwaka ni 1914, Warundi ni wa meza yake. Mchungaji Josaphat akajibu kuwa Warundi husali katika kanisa lake, huimba katika kwaya yake, na kuwatenganisha ni kuuvunja mwili wa Kristo. Nilimtazama kwa mshangao. Sijawahi kumsikia akiutumia mwili wa Kristo kudai viti.

Bi Rukhsana, ambaye meza yake haikuguswa, alisema Wakenya hawana upande katika jambo hili, ila wangependa kuhakikishiwa kwamba nafasi yao karibu na jukwaa haitabadilika. Mwingereza hasa.

Walibishana hadi ukumbi ukatakiwa na watu wa mazoezi ya viungo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilimsimulia Brice, Mrundi tunayefanya naye kazi kwenye mkanda wa vifurushi. Alicheka mpaka kifurushi kikampita.

"Kwa hiyo mimi niko wapi?"

"Bado hamjaamuliwa."

"Waambie asubuhi mimi Mjerumani, mchana Mbelgiji, jioni niko hapa Rexdale nabeba maboksi. Kubeba ndiko hakujabadilika."

"Njoo kikaoni uyaseme hayo."

"Nani kanialika?"

Hakuna Mrundi hata mmoja katika kamati. Sikuwa nimeliona hilo mpaka aliponiuliza, na nimelichukia jicho langu kwa kutoliona.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya shukrani ya Kanada. Kuku. Mvua. Bibi anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya dirisha, midomo ikitembea bila sauti. Akifika penye jina, hugeuka ili nisiisome midomo yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nitaeleza kwanza kilichotokea mwaka 1911, maana bila hicho, uchafu wa leo hauwezi kueleweka.

Mwaka huo Ufaransa ilitaka kuimeza Moroko. Ujerumani ikapeleka manowari katika bandari yake ya Agadir, si kwa kuwapenda Wamoroko, bali ili isikike. Ulaya ikashika pumzi kwa miezi minne, ikidhani vita vimefika. Kisha wakapatana. Mfaransa aachiwe Moroko. Mjerumani, ili asione haya, apewe fidia. Fidia ilitoka wapi? Ilikatwa katika Kongo ya Wafaransa, kipande kikubwa cha misitu na watu, kikaunganishwa na Kamerun. Mtu wa msituni alilala Mfaransa akaamka Mjerumani kwa ajili ya bandari asiyoijua. Neno lao lilikuwa hilo, *fidia*, na hakuna aliyelitapika.

Leo, wakati wa mapumziko, Gelasius na Josaphat waliingia jikoni na birika la chai. Walipotoka, mgogoro wa Burundi ulikuwa umekwisha. Warundi wote watakaa na Wakongo. Bwana Gelasius, kwa kuachia, amepewa nafasi katika ratiba ya kuonyesha filamu yake kuhusu manowari za Wajerumani za Ziwa Tanganyika.

"Nafasi ipi?" niliuliza.

Mchungaji alikuwa akikunja kikombe chake cha karatasi. "Bon, mwanangu, ratiba imejaa. Ilibidi kila upande utoe kitu."

"Upande wetu umetoa nini?"

"Zamu ya Bibi. Lakini ataheshimiwa. Atakaa meza ya mbele kabisa, na tutamtaja."

Mtatajaje, nilimwuliza, wakati anachokuja kukitaja hamkijui? Bi Rukhsana alipongeza busara ya ndugu wawili. Mzee Jafferali alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na mimi nikaandika moyoni: na huyu naye.

Bibi yangu amekuwa fidia.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada Mchungaji aliniita ofisini mwake. Alisema makala yangu itachapishwa yote, kurasa zote kumi na nne, katika kijitabu cha shughuli, pamoja na picha yangu. Nitatambulishwa jukwaani kama mtaalamu. Watakuwepo watu wa chuo kikuu na mtu mmoja kutoka gazetini.

"Ila Bibi," alisema, "anakusikia wewe kuliko mtu yeyote. Mweleze taratibu. Asije siku ile akaleta huzuni mbele ya wageni."

Nilipaswa kusimama. Nilisema nitafikiri.

Nimeandika neno hilo hapa ili lininuke. *Nitafikiri*. Kurasa kumi na nne za kuwalaani waliobadilishana watu, na mwandishi wake anauliza bei.

Jumatano, 22 Oktoba

Bibi aliniona ninamkwepa. Alikuwa akichambua sambaza mezani, akitupa vichwa pembeni.

"Padiri yenu amesema nini?"

"Si padiri, Bibi, ni mchungaji."

"Amesema nini?"

Nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua.

"Na weye unafikiri."

"Nilikuwa nafikiri."

"Bale ba zamani nao balikuwa banafikiri. Bakafikiri mpaka ziwa ikaisha kugawanywa."

Nilimpigia Mchungaji simu nikiwa nimesimama palepale, ili Bibi asikie. Nilimwambia makala ninaiondoa, picha abaki nayo, na Bibi atakuja na maneno yake. Alisema nimebadilika tangu nisome. Nilimwambia kwamba, tangu nisome, mimi ndiye pekee ambaye sijabadilika. Lakini nilipokata simu nilijua nusu ya jibu hilo lilikuwa majivuno.

Jumatatu, 27 Oktoba

Uchaguzi wa meya. Nimepiga kura. Mvua ya baridi.

Jumamosi, 1 Novemba

Theluji nyepesi, isiyoshika ardhi. Kikao cha mwisho. Niliomba kusema nikaruhusiwa. Nikawaeleza matanga ya Bibi, sharti la pande mbili, na sababu ya sharti hilo. Nilisema hatuhitaji bendera yoyote, tunahitaji masikio. Nilisema filamu inaweza kuonyeshwa siku yoyote, lakini mwanamke wa miaka themanini na minne hawezi kurudishwa nyuma kama mkanda.

Walinisikiliza kwa adabu. Hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Bwana Gelasius aliniambia nimezungumza Kiswahili kizuri sana. Kisha wakaingia kwenye suala la vitambaa vya meza.

Jumamosi, 8 Novemba

Ukumbi ulijaa. Niliwahesabu pale watu wa kila ghorofa, wengine wametoka Rexdale na Mount Dennis, wote wamebandika kifuani ua jekundu ambalo watu wa huku huvaa kila Novemba kuwakumbuka wafu wa vita. Bendera tatu zilikuwa zimesimamishwa, kubwa kuliko nilivyodhani, na watoto walipiga picha chini yake. Brice alikuja. Alisimama mlangoni akatafuta kiti chake, akaniambia, "Leo nimeamka Mbelgiji," kisha akacheka kicheko kifupi, na baada ya hapo hakucheka tena.

Bibi alivaa kitenge cheusi alichokitunza. Sufuria ya sambaza na maharage aliiweka chini, katikati ya miguu yake, imefungwa kwa kitambaa. Mama alimpiga picha, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kumwona amenyooka mgongo namna ile.

Hotuba ya Mzee Jafferali ilikuwa fupi. Kisha kwaya ya watoto, kisha filamu. Niliyaona mabomba ya moshi ya manowari, bendera zikipepea ziwani, na safu ndefu ya wapagazi waliobeba vyuma vya meli vichwani, ambao mtangazaji hakuwasemea neno. Bibi aliinuka nusu kwenye kiti. Alikuwa akizitazama nyuso. Picha ikapita, likaja jahazi la chuma likizinduliwa, na upande wa Bwana Gelasius watu wakapiga makofi.

Baada ya filamu, ngoma. Baada ya ngoma, chakula. Kila kipengele kilipokwisha Bibi alirekebisha kitenge begani.

"Zamu yangu sasa?"

"Bado, Bibi."

Nilimfuata Mchungaji kwenye ngazi za jukwaa. "Muda umetubana," alisema, "unaona mwenyewe." Nikapanda. Nilikishika kipaza sauti, nikasema, "Ndugu zangu, kuna mtu ambaye hajapewa zamu yake." Watu wakageuka. Na hapo Mchungaji Josaphat, bila kipaza sauti, kwa ile sauti yake iliyonifundisha Zaburi, akasema: "Tuinamishe vichwa, tuombe."

Watu wote wakafumba macho. Nani atakatiza sala? Nilibaki nimesimama juu, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukumbi mzima wa watu waliofumba macho, na katika ukumbi ule ni wawili tu tuliokuwa tukitazamana, mimi na Bibi.

Sala ilipofika amina, meza ya Watanzania ilikuwa tayari imeanza kuvaa makoti. Mtu alichomoa waya wa kipaza sauti.

Bibi alifika mbele kwa miguu yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Bale ba upande ule banaenda?"

"Wanaenda, Bibi. Sema, tuliobaki tutakusikia."

"Ya upande moja niliishaikalia. Ile iko matanga ya kwetu." Akanigusa mkono. "Beba sufuria."

Kwenye korido, karibu na lifti, Mzee Jafferali alitufikia akihema. Alimwinamia Bibi kwa heshima ya kweli, sitamnyima hilo. Kisha akanivuta pembeni.

"Kijana wangu, mimi sikuafiki tangu mwanzo. Babu yangu alikuwa na duka Ujiji, likachomwa na pande zote mbili. Najua."

"Kwa nini hukusema kikaoni?"

"Mwenyekiti hatakiwi kuwa na upande."

Kabla lifti haijaja, Bi Rukhsana naye alipita akanong'ona kuwa kwa hakika jambo lile halikumpendeza. Hata Bwana Gelasius, makoti mawili mkononi, alisema, "Mwambie bibi pole sana, tutapanga." Wote wananielewa koridoni.

Sufuria tuliipandisha ikiwa imefungwa vilevile.

Jumatatu, 10 Novemba

Bibi hakutoka kitandani. Kifua. Mama amebadilishana zamu ili abaki naye. Sufuria imo kwenye friji, haijafunuliwa.

Jumanne, 11 Novemba

Saa tano asubuhi, saa ile vita vilipokoma, mkanda ulisimamishwa ghalani kwa ajili ya wafu wake. Nchi nzima ilinyamaza, nasi tukanyamaza, mimi na Brice tukiwa tumeshika ncha mbili za boksi moja. Kisha mkanda ukaendelea.

Ukurasa huu nitaunakili na kuubandika leo kwenye ubao wa matangazo wa jengo, ili usomwe na kila anayengoja lifti.

Kwa Kamati. Nilidai tarehe 6 Septemba kwamba vita vile vilitandikwa mezani na watu waliopeana wasichokimiliki. Sikujua kwamba mngenipa ushahidi kwa mikono yenu wenyewe, na birika la chai. Mlipeana Warundi bila Mrundi. Mlimpeana Dative wa Idjwi ili filamu ipate nafasi. Mlipomaliza mkaomba Mungu ashuhudie. Sitaki pole zenu za koridoni. Hata mabalozi wa 1911 walikuwa wapole walipokuwa peke yao.

Bwana Gelasius, uliniuliza kama kwetu kuna utani. Upo. Mtani ana maiti hapa, na haijazikwa kwa miaka tisini na minane. Mchungaji Josaphat, ulinifundisha kusema kweli mbele ya watu. Na watu bado wapo. Mzee Jafferali, unao ufunguo wa ukumbi.

Ninataka jibu la hadharani, mbele ya watu walewale, wa pande zote, na bila bendera. Semeni nani aliwapa haki ya kuitoa zamu isiyokuwa yenu, kisha irudisheni. Semeni na siku, na iwe karibu, kwa sababu jina la yule mpagazi silijui, mama yangu halijui, nanyi hamlijui. Anayelijua yuko ghorofa ya tisa, anakohoa, na hatalitaja mpaka mketi.